Tupime Mbegu Kabla ya Kupima Mavuno

Neno kwa wazazi, walimu na viongozi wa Mtwara Vijijini juu ya ulinganisho wa shule zetu za umma



Kila mwaka matokeo ya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi yanapotoka, shule zetu hupangwa katika orodha kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Orodha hiyo husomwa vikaoni. Walimu wakuu wa shule za juu hupigiwa makofi, na wale wa shule za mkiani husimama kujieleza mbele ya wenzao kama watoto waliovunja chungu. Kisha lawama hushuka mpaka vijijini. Mzazi wa Msimbati, wa Madimba au wa Mahurunga huambiwa kwamba mwanawe ni mzito, kwamba walimu wa mwanawe ni wavivu, na kwamba yeye mwenyewe hathamini elimu. Kikao hufungwa kwa maazimio, watu hutawanyika, na mwaka unaofuata shule zilizokuwa mkiani hukutwa mkiani tena.

Waraka huu mdogo unasema jambo moja. Kulinganisha matokeo ya shule bila kwanza kulinganisha kile ambacho shule hizo zilipewa ni dhuluma, hata kama kunafanywa kwa tarakimu zilizo sahihi. Mkulima mwenye akili hamlaumu jirani yake kwa mavuno haba kabla ya kuuliza alipanda mbegu kiasi gani na katika udongo gani.

1. Tulikotoka

Tofauti za shule za mkoa wetu hazikuanza jana. Mwaka 1876 wamisionari wa Kianglikana waliweka makazi Masasi. Mwaka 1906 Wabenediktini walifika Ndanda. Walipojenga kanisa walijenga na shule, na huko bara ya mkoa vijana wengi walijua kusoma na kuandika kwa herufi za Kizungu mapema kuliko wenzao wa pwani. Rais wa Awamu ya Tatu, Benjamin Mkapa, aliyezaliwa Lupaso mwaka 1938, alipita katika shule ya Ndanda.

Pwani historia ilikuwa nyingine. Kuanzia Mikindani hadi mdomo wa Ruvuma watu walikuwa Waislamu, wenye vyuo vyao vya Kurani. Wengi wao walijua kusoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu kabla Mzungu hajafungua darasa. Lakini serikali ya mkoloni iliwahesabu kuwa hawajasoma, na mzazi aliogopa kumpeleka mtoto katika shule ya misheni asije akabadilishwa dini. Hatuna budi kukiri kwamba hofu hiyo ilikuwa na sababu. Hivyo mtoto wa pwani aliachwa nyuma bila kosa lake.

Baada ya Uhuru taifa lilijaribu kuziba pengo hilo. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliweka shule nyingi za madhehebu mikononi mwa Serikali, ili mtoto asikataliwe kwa sababu ya dini yake. Katika miaka ya 1970 nafasi za kidato cha kwanza ziligawanywa kwa mafungu ya mikoa, ili mikoa iliyotangulia, kama Kilimanjaro, isijitwalie nafasi zote. Utaratibu huo ulikuwa na kasoro zake, na walioulalamikia walikuwa wengi. Hata hivyo ulisimama juu ya ukweli mmoja ambao leo tumeusahau: wakimbiaji wawili wasioanzia mstari mmoja hawapimwi kwa kuangalia nani amefika wa kwanza.

2. Shule mbili

Tuchukue mfano wa shule mbili za wilaya moja. Hatuzitaji majina, kwa sababu tumezitunga ili hesabu ieleweke. Lakini kila msomaji wa Mtwara Vijijini atazitambua.

Shule ya kwanza iko kando ya barabara kuu. Ina wanafunzi 600 na walimu 15, yaani mwalimu mmoja kwa wanafunzi 40. Walimu kadhaa wanaishi mjini, huja asubuhi kwa daladala na kurudi jioni. Umeme upo. Afisa akitoka wilayani hupita hapo, kwa kuwa ni njiani.

Shule ya pili iko ng'ambo ya mikoko, mwisho wa njia ya mchanga. Ina wanafunzi 400 na walimu watano, mwalimu mkuu akiwa mmoja wao, yaani mwalimu mmoja kwa wanafunzi 80, wakati kipimo cha Serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Nyumba ya mwalimu ni moja; wengine wamepanga vyumba kwa wazazi. Maji ya kisima yana chumvi. Mwalimu wa kike akipangiwa hapo hana pa kulala penye staha, na baada ya miezi michache huandika barua ya kuomba uhamisho.

Sasa tufanye hesabu. Shule ya pili ina darasa la awali na madarasa saba, jumla manane. Walimu ni watano. Kwa hiyo katika kila kipindi, hata kama walimu wote wapo, wazima na wenye bidii, madarasa matatu hayana mwalimu. Siku mwalimu mkuu anapoitwa wilayani, yanakuwa manne. Mtoto anayesoma miaka saba katika hali hiyo hukaa darasani bila mwalimu kwa muda unaozidi miaka miwili na nusu. Kisha hupewa karatasi ileile ya mtihani anayopewa mwenzake wa barabarani, siku ileile, saa ileile.

Matokeo yanatoka. Katika shule ya kwanza watahiniwa ni 75, wamefaulu 60, yaani asilimia 80. Katika shule ya pili watahiniwa ni 40, wamefaulu 18, yaani asilimia 45. Orodha inasema ya kwanza ni bora na ya pili ni mbovu. Lakini gawanya waliofaulu kwa idadi ya walimu. Shule ya kwanza imefaulisha wanafunzi wanne kwa kila mwalimu. Shule ya pili imefaulisha karibu watatu na nusu kwa kila mwalimu, bila umeme, bila nyumba, kwa kisima cha chumvi. Je, wavivu ni akina nani? Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.

Kuna swali jingine ambalo orodha haiulizi. Shule ya pili yenye watoto 400 katika madarasa manane ilipaswa kuwa na watahiniwa wapatao 50. Waliofanya mtihani ni 40. Wale kumi wako wapi?

3. Fedha zinazolingana bila usawa

Watu husema: “Ruzuku ni sawa kwa kila mtoto, basi malalamiko ya nini?” Tuitazame ruzuku hiyo.

Ada za shule za msingi zilipofutwa na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, kuanza mwaka 2002, ruzuku kwa kila mwanafunzi iliwekwa kuwa dola 10 za Marekani kwa mwaka, ambazo wakati ule zilikaribia shilingi 10,000. Mwaka 2016, michango ilipofutwa na elimu kutangazwa kuwa bila malipo hadi kidato cha nne, kiwango kilikuwa kilekile cha shilingi 10,000. Miaka 14 ilikuwa imepita, na dola moja ilikuwa imezidi shilingi 2,000. Tena katika hizo 10,000, shilingi 4,000 zilibaki juu kwa ajili ya vitabu. Zilizopelekwa shuleni zilikuwa 6,000, yaani shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi.

Kwa hesabu hiyo, shule yetu ya ng'ambo ya mikoko ingepata shilingi 200,000 kwa mwezi, na ile ya barabarani shilingi 300,000. Chaki bei yake ni ileile. Lakini mwalimu mkuu wa ng'ambo akitaka kufika benki au ofisi ya wilaya hulipa nauli ya bodaboda kwenda na kurudi. Shule ndogo iliyo mbali hutumia zaidi ili kupata kilekile, na hupewa kidogo zaidi kwa sababu ina watoto wachache. Kumpa kila mtu kanzu ya urefu mmoja si kuwavika wote.

Majengo nayo yametupofusha. Mwaka 2021 Serikali ilitumia sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kujenga madarasa 15,000 nchini. Hilo ni jambo jema na tunalishukuru. Lakini darasa ni kitu cha kuonekana. Hufunguliwa kwa utepe na kupigwa picha. Mwalimu asiyekuwapo hapigwi picha. Darasa jipya lisilo na mwalimu ni ghala la watoto.

4. Orodha iliyoaibisha na ukimya uliofuata

Taifa letu limekwisha kujaribu njia ya kuaibisha. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012, watahiniwa zaidi ya 240,000 kati ya takriban 397,000 walipata sifuri. Nchi ilitikisika, tume ikaundwa, matokeo yakapangwa upya. Mwaka 2013 ukaja mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, na shule zikapangwa kwa nafasi na kwa rangi: kijani, njano na nyekundu.

Je, ilisaidia? Watafiti watatu, Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin, walichunguza orodha hizo kwa shule za msingi. Waliona kwamba shule zilizokuwa katika sehemu moja ya tano ya mwisho katika wilaya zao zilipandisha kiwango cha ufaulu. Lakini waliona pia kwamba shule zilipunguza idadi ya wanafunzi waliofika darasa la saba na kufanya mtihani. Yaani asilimia ilipanda, na baadhi ya watoto dhaifu wakaachwa nje ya hesabu. Hapo ndipo penye jibu la swali letu kuhusu wale kumi. Ukimwambia mwalimu mwenye madarasa manane na wenzake wanne kwamba ataaibishwa kwa asilimia, bila kumwongezea mwalimu hata mmoja, umemfundisha kumwona mtoto mzito kuwa mzigo wa kutupwa. Dhambi hiyo si ya mwalimu peke yake.

Kisha tukaangukia upande wa pili. Mwezi Januari 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, lilieleza kuwa limeacha kutaja shule bora na wanafunzi bora, kwa kuwa halikuona tija katika kufanya hivyo. Kuacha kushangilia kumi bora ni uamuzi wa busara. Lakini wapo waliotoka hapo na kusema kwamba basi shule zisilinganishwe kabisa. Sisi hatukubaliani nao. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Tukiacha kulinganisha, anayenufaika ni yule aliyegawa walimu kwa upendeleo, kwa maana hapo hakuna atakayemuuliza. Tunataka ulinganisho, tena mkali kuliko wa zamani, ila uanzie mahali panapostahili: kwenye mgawanyo wa walimu, vitabu, nyumba na fedha.

5. Gesi hupimwa, mwalimu hapimwi

Hapa ndipo Msimbati inapolisemesha taifa. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982. Tangu mwishoni mwa mwaka 2006 imekuwa ikizalisha umeme Mtwara. Mwaka 2013 watu wa mkoa huu walipopinga gesi kusafirishwa kwa bomba, damu ilimwagika. Bomba likajengwa, na mwezi Oktoba 2015 mtambo wa Madimba na bomba la kwenda Dar es Salaam vilizinduliwa.

Gesi hiyo inapotoka ardhini hupimwa usiku na mchana. Kila futi ya ujazo huandikwa. Ikipungua, mitambo hutoa ishara na wahandisi huamka usingizini. Basi tunauliza: nchi inayoweza kujua ni kiasi gani cha gesi kimepita leo chini ya mikorosho ya Madimba, inashindwaje kujua, na kuwaambia wananchi, ni walimu wangapi wameingia darasani leo katika shule zilizo juu ya ardhi hiyo hiyo? Mwalimu akiondoka pwani kwa uhamisho, nani huamka usingizini?

Kisheria kampuni hulipa halmashauri ushuru wa huduma kutokana na mauzo yake. Fedha hizo si sadaka ya kampuni wala zawadi ya diwani. Ni mali ya wananchi wa wilaya, na wana haki ya kujua ziliingia kiasi gani na zilikwenda wapi. Hatudai kwamba watoto wa Msimbati wapewe zaidi kwa kuwa gesi iko kwao. Mtoto wa kisima cha gesi na mtoto wa kijiji kisicho na kitu wana haki moja. Tunasema tu kwamba wilaya yenye utajiri huo chini ya miguu yake haina udhuru wa kuwa na shule yenye walimu watano.

Wala tusiwasahau watoto wa ukingoni mwa Ruvuma. Mwezi Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya kilishambuliwa na wapiganaji waliovuka kutoka Msumbiji. Katika jedwali la matokeo hakuna safu ya kuandika kwamba mtoto alijiandaa kwa mtihani akiwa na hofu ya mto.

6. Nasi tujipime

Haki humgeukia na anayeidai. Wazazi wenzetu, yapo makosa ambayo hayakutoka wilayani.

Msimu wa korosho unapofika, kuanzia Oktoba, madawati huwa wazi na mashamba hujaa watoto. Siku za bamvua, maji yanapokupwa sana, wasichana huonekana mwambani wakitafuta pweza saa za masomo. Mvulana akishaonja fedha ya dagaa, daftari humchosha. Umaskini ni sababu ya kweli, nasi hatuuchezei. Lakini si kila siku anayokosa mtoto ni siku ya njaa. Nyingine ni mazoea tu. Na binti aliyepata ujauzito, ambaye tangu Novemba 2021 Serikali imemruhusu kurudi shuleni baada ya kujifungua, je, ni wangapi kati yetu tumemlelea mtoto ili arudi, na ni wangapi tumeharakisha mahari?

Tena mikutano ya shule huitishwa na watu hawaendi. Asiyekuwapo na lake halipo. Ripoti ya mapato na matumizi ikisomwa mbele ya viti vitupu, msomaji hujifunza kwamba anaweza kusoma chochote.

Nanyi walimu, tumewatetea humu kwa moyo. Lakini mwalimu anayesaini kitabu cha mahudhurio na kwenda kwenye biashara yake amejiunga na wanaowaibia maskini. Uchache wa walimu hauhalalishi utoro wa wachache waliopo.

7. Tunayoyadai

Tunadai mambo manne, na yote yanawezekana.

Kwanza, kila orodha ya matokeo itakayosomwa katika kikao chochote cha wilaya iwe na safu nyingine kando yake: idadi ya wanafunzi, idadi ya walimu, nyumba za walimu, vitabu kwa kila mtoto, matundu ya vyoo, na idadi ya watoto walioanza darasa la kwanza pamoja na waliofika mwisho. Orodha isiyo na safu hizo isisomwe.

Pili, walimu wapya wapelekwe kwanza katika shule zenye upungufu mkubwa, na uhamisho kutoka shule hizo usiidhinishwe kabla mbadala hajaripoti. Anayekubali kubaki pwani apewe nyumba kwanza, na ahesabiwe mapema katika kupandishwa daraja. Mapato ya halmashauri yaanzie kwenye nyumba hizo.

Tatu, ruzuku ya shule ndogo zilizo mbali iwe na kiasi cha msingi kisichotegemea idadi ya watoto.

Nne, kila mwezi ubao wa matangazo wa kila kijiji uonyeshe fedha zilizoingia shuleni na zilivyotumika, kwa maandishi makubwa ambayo hata mwanafunzi wa darasa la tatu ataweza kuyasoma.

Yakifanyika hayo, nasi tutakuwa wa kwanza kudai shule yetu ilinganishwe na nyingine yoyote. Na ikiwa baada ya hapo itakuwa ya mwisho, tutasimama kujieleza bila kinyongo. Lakini mpaka siku hiyo, anayesimama vikaoni kutuonyesha mkia wa orodha aanze kwa kutuonyesha kichwa chake: nani aligawa, aligawa nini, na kwa nini aligawa hivyo.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Shule ya kijiji chetu ina wanafunzi wangapi na walimu wangapi? Nani kati yetu atakwenda kuhesabu wiki hii, na atatuletea jibu lini?

2. Katika watoto walioanza darasa la kwanza pamoja na watahiniwa wa mwaka huu, ni wangapi hawapo? Wako wapi, na ni nani aliyewafuata nyumbani?

3. Mara ya mwisho ripoti ya fedha za shule kusomwa hadharani ilikuwa lini? Wangapi kati yetu tulikuwapo?

4. Msimu huu wa korosho, na siku za bamvua zijazo, kila mmoja wetu atafanya nini ili mtoto wake, na mtoto wa jirani, wawe darasani?